Karatasi Nyeupe ya Rhoda

Kila Jumatano, masomo yakiisha, Mwalimu Coletha alikoroga ndoo ya kahawa ambayo hakuna mtu aliyeinywa. Alichota maji kwenye mtungi uliokaa kivulini tangu asubuhi, akayapima kwa kipimajoto, na yakifika nyuzi ishirini na moja alitia kahawa ya unga ya Bukoba, magadi ya kufulia na vidonge vya vitamini C vilivyotwangwa. Harufu yake iliwafukuza hata mbuzi wa mlinzi. Kwa dawa hiyo, watoto kumi na wawili wa klabu ya picha ya Shule ya Msingi Mwabulyeta, upande wa Ushirombo, walisafisha mikanda ya picha nyeusi na nyeupe mmoja baada ya mwingine.

Dawa za dukani Coletha hakuzitaka. Baba yake, mzee Agapiti, alikuwa na studio karibu na kanisa la misheni, na kwa miaka thelathini alisafisha picha za harusi na komunyo ya kwanza za nusu ya Bukombe, mikono mitupu ikizama kwenye dawa asubuhi hadi jioni. Alizikwa na kucha za kahawia na vidole vilivyochanika. Coletha ndiye aliyemkunja vidole hivyo juu ya rozari, na alipofungua sanduku la urithi wake, akakuta kamera, tanki la kusafishia, mikanda arobaini na boksi la karatasi za picha, aliapa kwamba hakuna mtoto atakayedhurika kwa ajili ya picha. Alikuwa mwalimu wa sayansi, na kiapo kisichoandikwa hakukiamini. Akakifungulia daftari.

Daftari lilikuwa na safu ya tarehe, safu ya joto la maji, safu ya dakika, na ya mwisho kabisa: Waliodhurika. Kila Jumatano aliandika hapo neno moja, Hakuna, kwa mwandiko wa kujivuna kidogo. Watoto walikuwa kumi na wawili kwa sababu glavu zilikuwa jozi kumi na mbili, mbali na jozi ya mwalimu. Hakuna aliyegusa ndoo bila glavu wala bila miwani ya plastiki. Dawa ya kusimamisha kazi ya kahawa ilikuwa siki na maji. Dawa ya kukazia picha, ambayo ilibidi iwe ya dukani, aliimimina Coletha peke yake, na iliyokwisha kutumika ilirudi kwenye dumu lenye kufuli. Watoto walihesabu dakika kwa kuimba jedwali la saba, maana jedwali la saba hakuna anayeliimba haraka.

Mkanda wa kwanza uliungua wote. Ulitoka mweusi mwanzo hadi mwisho, na juu ya weusi huo kulikuwa na alama za vidole. Coletha akaulaumu mlango wa stoo waliyoifanya chumba cha giza. Akaziba nyufa kwa magunia, akabandika nailoni nyeusi dirishani. Mkanda wa pili nao ukaungua. Jumatano iliyofuata akaingia na watoto wote, akafunga mlango, akasubiri macho yazoee giza.

Giza halikuja. Mikono ya watoto ilikuwa inawaka. Ulikuwa mwanga mweupe, mtulivu, kama wa sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga, ulioanzia kwenye ncha za vidole na kuishia kwenye vifundo. Jozi kumi na moja ziliwaka. Angavu kuliko zote ilikuwa ya Justa, msichana wa darasa la sita aliyeongoza hesabu shuleni. Kwa mikono yake mtu angeweza kutunga uzi kwenye sindano.

"Nani kawaambia mje na taa?" Coletha aliuliza.

"Siyo taa, mwalimu," Justa alisema. "Ni zebaki."

Wengine wakamfafanulia, kwa adabu, kama mtu anavyomweleza mgeni njia ya kisimani. Nyumbani walisaidia mwaloni, pale nyuma ya uwanja wa mpira ambapo mawe ya dhahabu yalisagwa na kuoshwa. Unga wa mawe uliwekwa kwenye karai, zebaki ikamiminwa, mtoto akakanda kwa mikono hadi zebaki ikakamata dhahabu yote. Mikono midogo ndiyo inayofika kwenye kona za karai. Mtu akikanda mwezi mmoja anaanza kuwaka vidole, akikanda mwaka anawaka hadi kifundoni. Mchana haionekani, kwa hiyo haisumbui mtu.

"Na wewe?" Coletha alimuuliza Rhoda, ambaye alikuwa amesimama kwenye kona na giza lake.

"Baba ni fundi pikipiki, mwalimu," Rhoda alisema, kama anayeomba radhi.

Coletha alikuwa mwanamke wa vitendo. Siku hiyo hiyo aligawa kazi upya. Rhoda, kwa kuwa mikono yake haikuwaka, akapewa kazi ngumu kuliko zote: kuingia chumba cha giza peke yake, kufungua mkanda, kuupenyeza kwenye kigurudumu cha plastiki bila kuuona, kukitia kwenye tanki na kufunga kifuniko. Kuanzia hapo mwanga haukuwa na madhara tena. Mkanda usipokaa vizuri kwenye kigurudumu picha hushikana, zikaharibika. Rhoda alijifunza kwa siku tatu, akifumba macho kwenye dawati na kutumia mkanda ulioungua, na baada ya hapo hakukosea hata mara moja. Mzee Agapiti mwenyewe alikuwa akikosea.

Kazi ya wengine ilikuwa kuchapa. Shule haikuwa na umeme, lakini mkanda uliowekwa juu ya karatasi ya picha na kubanwa kwa kioo ulihitaji tu mtoto kuweka kiganja juu yake. Justa alimaliza kwa sekunde nane. Wengine walihitaji kumi na tano, ishirini, na mmoja, ambaye alikuwa ameanza mwaloni baada ya Pasaka, aliweka mkono hadi jedwali la saba likaisha. Kisha wote waliowaka wakaficha mikono yao kwapani, na karatasi ikaingia kwenye kahawa chini ya taa nyekundu ya nyuma ya baiskeli, ambayo Marwa, baba yake Rhoda, aliitoa mwenyewe.

Zilitoka picha. Kengele ya shule, ambayo ni rimu ya gari. Bibi wa mtu akicheka bila meno. Mbuzi wa mlinzi, mara nne. Coletha alizianika kwenye kamba ya nguo nyuma ya stoo, akasimama mbele yake mikono kiunoni, na kifua kikamjaa. Katika wilaya nzima hapakuwa na watoto wengine waliojua kusafisha picha, na hawa waliijua kazi bila hata kidole kimoja kupata wekundu. Jumatano hiyo neno Hakuna aliliandika kwa kalamu ya rangi.

Lakini macho alikuwa nayo. Aliona daftari la Justa, jinsi herufi zake zilivyoanza kutetemeka kwenye mistari. Siku moja mtoto huyo, kinara wa hesabu, alifika saba mara sita akanyamaza, akaangalia vidole vyake, akaanza upya.

Alhamisi Coletha akanunua jozi nyingine mbili za glavu, akaenda mwaloni. Alimkuta mama yake Justa, Hosiana, amechuchumaa kwenye karai, anakamua zebaki kwa kitambaa. Matone yalikimbizana kwenye karai huku Justa akiyarudisha kwa kidole.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Mama Justa. Hizi nimewaletea. Moja yako, moja ya mtoto."

Hosiana akaigeuza glavu, akaipuliza ikavimba. "Mwalimu, si ndizo hizi nasikia mnavaa kwa ajili ya kahawa?"

"Ndizo."

"Kahawa hii ya kunywa?"

"Ya kunywa."

Wanawake wa karai za jirani wakaangua kicheko, na mmoja akasema mayu huyu, mama wa watu, atawavalisha watoto buti kwa ajili ya uji. Hawakucheka kwa ubaya.

"Glavu inakula dhahabu, mwalimu," Hosiana alisema. "Vumbi linaganda kwenye mpira. Mkono ukiuosha unatoa kila kitu."

"Hautoi kila kitu. Kingine kinabaki ndani, ndicho hicho kinachowaka. Mwangalie anavyoandika. Mwangalie anavyosahau."

"Anarefuka huyo. Mtoto akirefuka haraka anasahausahau." Hosiana akaitazama mikono ya binti yake, ambayo juani ilikuwa mikono ya kawaida. "Mahindi yamekauka mwaka wa pili, mwalimu. Na tangu awe na mikono hii sijanunua mafuta ya taa. Niambie nimtoe, halafu nifanye nini?"

Coletha akamwekea jozi ya pili mkononi. Hosiana alimshukuru, wabeja sana mwalimu, akazikunja glavu vizuri akazitia kwenye mfuko wa gauni. Jumapili alizivaa kupalilia bustani.

Wiki mbili baadaye akaja Bwana Eustace, afisa wa ukaguzi, kwa pikipiki. Mtu alikuwa amepeleka habari wilayani kwamba kuna mwalimu anayewafungia watoto gizani na dawa. Bwana Eustace alikuwa mtu makini. Alihesabu glavu. Alipima siki kwa pua. Aliionja kahawa, akauliza kama sukari ipo. Alilitikisa dumu lenye kufuli na kuandika kwamba halivuji. Kisha akaomba kuonyeshwa chumba cha giza, na mlango ulipofungwa alijaza ukurasa wa pili wa fomu yake kwa mwanga wa mikono ya Justa, akamshukuru.

"Namba kumi na nne, chanzo cha mwanga," alisoma, huku akiandika. "Kipo. Hakina waya, hakina moto. Vizuri sana, mwalimu. Shule nyingi wanawasha vibatari."

"Bwana Eustace, huo mwanga ni zebaki. Imo miilini mwao. Naomba uandike na hilo."

Bwana Eustace akarudi ukurasa wa kwanza, akatafuta kwa nia njema kabisa. "Fomu hii ni ya vitu ambavyo shule imevileta, mwalimu. Mikono wamekuja nayo kutoka nyumbani."

"Fomu ya nyumbani iko wapi?"

"Sijawahi kuiona."

Kahawa ikapita. Cheti kililetwa baada ya siku kumi, kikisema kwamba klabu ya picha ya Mwabulyeta ilikuwa mfano wa usalama, na Mwalimu Mkuu Alois akakitundika ofisini juu ya ratiba. Alimwambia Coletha kuwa siku ya wazazi, mwishoni mwa Mei, klabu ipewe ukuta mzima wa darasa la saba. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa furaha.

Coletha alifikiri usiku na mchana nini cha kuweka kwenye ukuta huo. Bibi na mbuzi wangewachekesha watu, wangekwenda nyumbani. Aliamua kwamba wazazi waone kwa macho yao kile ambacho mchana hauonyeshi. Kila mtoto aliweka kiganja juu ya karatasi tupu kwa sekunde kumi, si zaidi wala pungufu, kisha karatasi ikasafishwa. Palipoguswa na mwanga pakawa peusi. Zikatoka alama kumi na moja za mikono, nyingine za kijivu, nyingine nyeusi, ya Justa nyeusi tititi hadi mistari ya kiganja ikaonekana. Karatasi ya Rhoda ilitoka nyeupe. Haikuwa na doa.

Akaandika jina la mtoto kwenye kila karatasi, akaibandika ya Rhoda katikati na nyingine akazipanga kuizunguka, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa: ZEBAKI ILIYOMO MIKONONI MWA WATOTO WETU. Alirudi nyuma hatua tano akaangalia. Aliamini kwamba hata asiyejua kusoma ataelewa. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile ya mwaloni alilala usingizi mzito.

Wazazi walikuja wamevaa mashati ya kanisani. Coletha alisimama mbele ya ukuta na kueleza, kwa Kiswahili, na pale alipoona nyuso hazijafunguka, kwa Kisukuma. Alisema nyeusi ni sumu. Alisema nyeupe ni afya. Walimsikiliza kwa heshima yote, wakampigia makofi. Halafu wakasogea ukutani kutafuta watoto wao.

"Huu wa Justa!" Hosiana alisema, akaweka kiganja chake kando ya alama ya binti yake kulinganisha. "Mwone mtoto wangu alivyotoka. Hata kovu lake la kisu lipo."

Baba mmoja akalalamika kwamba mwanawe ni wa kijivu wakati anakanda sawa na wenzake. Akaambiwa na mkewe kwamba hakandi sawa, anategea. Mtoto akainamisha kichwa. Babu wa mtoto mwingine aliomba ichapwe picha nyingine ndogo, ya kuweka kwenye fremu pamoja na ya komunyo. Mwalimu Mkuu Alois alizunguka akipokea pongezi. Kila mtu alikuwa na wa kumwonyesha mwenzake, na kelele za fahari ziliingia kila kona ya darasa.

Marwa, fundi pikipiki, alisimama katikati ya ukuta, mbele ya karatasi nyeupe yenye jina la binti yake. Alikuwa amenawa mikono kwa petroli na sabuni, lakini grisi haikumtoka kwenye kucha.

"Mwalimu, wangu hakufanya?"

"Baba Rhoda, huyo ndiye aliyefanya kuliko wote. Mikanda yote ameipakia yeye. Bila yeye hakuna picha hata moja hapa."

"Naona karatasi haina kitu."

"Haina kitu kwa sababu hana sumu. Ndiyo karatasi nzuri kuliko zote."

Marwa akatikisa kichwa taratibu. Alikuwa mtu mstaarabu, asiyependa kubishana na walimu. "Sisi ni wakuja hapa," alisema. "Watu wameanza kusema hatutaki kushika karai. Sasa umeibandika ukutani." Rhoda alikuwa amesimama nyuma yake. Wenzake walipoitwa kupigwa picha ya pamoja mbele ya mikono yao, yeye alibaki kushika kamera, kwa sababu ndiye aliyejua kuishika.

Coletha alikusudia kumfuata Marwa nyumbani. Lakini mitihani ya muhula ikaingia, kisha likizo ya Juni, na yeye akaenda Chato kumuuguza dada yake. Aliporudi Julai alikuta mtungi umekauka, akaujaza.

Jumatano ya kwanza ya muhula aliwapa watoto mkanda ambao walikuwa wamepiga siku ya wazazi. Rhoda aliingia chumba cha giza kama kawaida yake. Alitoka baada ya dakika sita, tanki mkononi, kichwa juu. Kahawa ikamiminwa, jedwali la saba likaimbwa, siki, kisha dawa ya kukazia. Coletha alipoufungua mkanda na kuuinua kwenye jua aliona ukungu wa kijivu umepita juu yake wote. Wazazi walionekana kwa mbali, nyuma ya ukungu huo. Pembeni, kila baada ya picha tatu, kulikuwa na alama ya kidole gumba kidogo.

Aliangalia mlango. Aliangalia magunia kwenye nyufa. Kisha akamwangalia Rhoda, ambaye alikuwa anasubiri kuulizwa.

"Ulikuwa wapi likizo, mwanangu?"

"Mwaloni, mwalimu. Baba alimwomba Mama Justa anipokee kwenye karai lake." Rhoda akavua glavu, akakimbilia chumba cha giza, akarudi na karatasi iliyokuwa kwenye bahasha nyeusi. "Nimeweka mkono sekunde kumi. Nilihesabu vizuri. Tuisafishe?"

Wakaisafisha. Chini ya taa nyekundu ya Marwa, karatasi ilikaa nyeupe kwa muda mrefu, hata Coletha akaanza kuomba kimoyomoyo. Kisha vikaja vidole, kijivu kilichopauka, ncha tano tu zisizoungana na kiganja.

"Ni hafifu, eti?" Rhoda aliuliza. "Justa anasema ndani ya mwaka itakolea."

Coletha aliona aibu. Kwa miezi yote hiyo alikuwa amezuia kila tone la kila ndoo, na huyu mtoto mmoja aliyekuwa salama, yeye mwenyewe ndiye aliyemwandikia jina lake kwenye karatasi tupu na kuiweka katikati ya ukuta. Watoto kumi na mmoja walikuwa wanaisifu picha ya mwenzao. Justa alikuwa anapiga makofi, na makofi yake hayakufuatana vizuri.

"Inaonekana vizuri," Coletha alisema, kwa kuwa hakuwahi kumdanganya mtoto kuhusu picha. Rhoda akaipeleka darasa la saba mwenyewe na kuibandika juu ya ile nyeupe.

Jioni hiyo Coletha alifungua daftari. Tarehe. Nyuzi ishirini na moja. Dakika kumi na tano. Kwenye safu ya mwisho, chini ya mlolongo mrefu wa neno Hakuna, akaandika: Kumi na wawili.

Ijumaa daftari, ambalo kila wiki lilipita ofisini kukaguliwa, lilirudi. Mwalimu Mkuu Alois alikuwa ameyakata maneno hayo kwa rula, taratibu, bila kuchafua ukurasa, akaandika Hakuna juu yake na kuweka saini. Pembeni aliongeza kwa penseli kwamba Bwana Eustace anakuja na wageni kutoka mkoani kuiona klabu, na kwamba cheti wameombwa wakiandae.

Jumatano iliyofuata watoto walipanga mstari mbele ya stoo. Coletha aliingia chumba cha giza peke yake, akapakia mkanda kwa mikono yake, na ulipokataa kupenya akauanza upya mara mbili. Nje walikuwa wanaimba, na sauti ya Rhoda ilisikika kuliko zote. Alipotoka alifungua sanduku la glavu, akagawa jozi kumi na mbili, mtoto kwa mtoto, akihakikisha kila kidole kimeingia. Ya Rhoda ilikuwa na tundu dogo kwenye gumba. Coletha aliigeuza, akaiinua kwenye jua, akaitupa, akampa yake mwenyewe.

"Vaa hii," alimwambia. "Kahawa isikuguse."